Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, hesabu miezi

Na Mwandishi Wetu

MTU akifikisha umri wa miaka 45 huanza kufanya hesabu ambazo akiwa na miaka 25 hakuwa na haja nazo. Anatazama mshahara wake, anatazama watoto waliobaki shuleni, anatazama miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, kisha anachukua karatasi na kuandika: kuku 500, kila mmoja yai moja kwa siku, mayai 500, trei 16 na zaidi. Anazidisha kwa bei ya trei, anazidisha tena kwa siku 30, na jibu linalotoka linaupita mshahara wake kwa mbali. Usiku huo hapati usingizi.

Karatasi ya namna hiyo imo mifukoni mwa watu wengi. Anayo karani wa ofisini, anayo mwalimu, anayo fundi wa kiwandani. Anayo hata mwenye duka aliyechoka kukaa nyuma ya kaunta, na mkulima aliyechoshwa na zao lisilolipa. Si karatasi ya kipuuzi. Wapo waliobadili kazi wakiwa na miaka 45 au 50 na leo wanasomesha watoto bila kumpigia mtu magoti.

Tatizo la karatasi hiyo ni moja. Inaonyesha ni fedha kiasi gani zitaingia, lakini haionyeshi zitaanza kuingia lini. Kinachowaangusha wengi wanaobadili kazi katikati ya umri si uvivu, wala mara zote si biashara mbaya. Ni ile miezi iliyo kati ya mshahara wa mwisho na mauzo ya kwanza.

Somo la kiinua mgongo

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali iliunda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, kusimamia ubinafsishaji. Viwanda na mashirika yakauzwa, mengine yakafungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa kazini. Wengi walikuwa katika umri huu huu tunaouzungumzia: wazee mno kwa mwajiri mpya, vijana mno kwa kukaa barazani.

Walipewa kiinua mgongo, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha nyingi kwa mkupuo. Karibu kila mtaa una habari ya mtu aliyenunua daladala iliyochakaa, aliyefungua baa palipokuwa na baa sita, au aliyejenga banda kubwa la kuku kabla hajafuga hata kuku kumi. Si kwamba hawakuwa na akili. Walibadili kazi na kuwekeza fedha zote siku hiyo hiyo, kwa hiyo kosa la kwanza, ambalo kila mwanafunzi hulifanya, likawa pia kosa la mwisho.

Anayefikiria kubadili kazi leo kwa hiari yake ana bahati ambayo wale hawakuipata. Ana muda wa kuchagua siku ya kuondoka.

Tufanye hesabu ya kuku

Tuchukue mfano. Tuseme yupo karani wa stoo mjini Morogoro, ana miaka 46, ana mke na watoto watatu, na mkubwa yuko chuoni. Anataka kuacha kazi afuge kuku 500 wa mayai. Tumsaidie kuimalizia karatasi yake.

Kwanza, kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na huchukua wiki kadhaa zaidi kufikia kiwango kizuri. Tangu kifaranga aingie bandani hadi mauzo ya mayai yaweze kubeba gharama, hesabu miezi sita. Katika miezi hiyo kuku anakula tu.

Anakula kiasi gani? Kuanzia kifaranga hadi wiki ya 20, kuku mmoja hula wastani wa kilo saba hadi nane za chakula. Tukichukua kilo saba na nusu, kuku 500 watakula kilo 3,750, yaani mifuko 75 ya kilo 50. Ndugu msomaji, weka bei ya mfuko mmoja mahali ulipo, zidisha kwa 75, kisha ongeza vifaranga, banda, maranda, vyombo, mkaa au umeme wa kuwapa joto, na chanjo. Chanjo hazina mjadala. Katika ratiba inayotumika sana, ya mdondo hutolewa siku ya 7 na ya Gumboro siku ya 14, zote hurudiwa, na baadaye hufuata ya ndui. Muone mtaalamu wa mifugo wa kata yako akupe ratiba kamili. Mdondo ukiingia katika banda lisilochanjwa, unaweza kuondoka na karibu banda zima.

Pili, hakuna banda ambalo kila kuku hutaga kila siku. Ukisimamia vizuri na kuku wakiwa katika kiwango kizuri, tumia asilimia 80. Kuku 500 watakupa mayai 400 kwa siku, yaani trei 13 na mayai 10. Kwa mwezi ni trei 400, badala ya trei 500 zilizoandikwa kwenye karatasi ya usiku.

Tatu, kuku anayetaga hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 500 ni kilo 60 kila siku, kilo 1,800 kwa mwezi, mifuko 36. Gawanya kilo 1,800 kwa trei 400, unapata kilo nne na nusu. Maana yake kila trei unayouza imebeba kilo nne na nusu za chakula ndani yake, na mfuko mmoja wa chakula hulipwa na trei 11.

Kipimo hiki kinafaa kukaa kichwani, kwa sababu hakijali bei ya mwaka gani. Gawanya bei ya mfuko kwa 11, ujue trei moja imekula shilingi ngapi za chakula. Kinachobaki ndicho hulipa dawa, kibarua, usafiri, mayai yaliyovunjika na wewe mwenyewe. Kuku wakishuka hadi asilimia 60, trei zinakuwa 300 tu na kila moja inabeba kilo sita za chakula. Hapo mtu anaweza kuuza mayai kila siku na bado kula mtaji wake bila kujua. Ndiyo maana wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nyumba nayo inakula

Karani wetu sasa anajua chakula cha kuku. Bado hajaweka chakula cha nyumbani. Hapa ndipo mke wake anapouliza swali moja tu: "Baba, na ada ya chuo ya muhula ujao itatoka wapi?" Swali hilo si kumkatisha mtu tamaa. Ni sehemu ya mpango wa biashara iliyosahauliwa.

Kanuni rahisi ni hii: chukua miezi ya kusubiri, ongeza nusu yake, kisha zidisha kwa matumizi ya nyumbani ya mwezi. Kama kusubiri ni miezi sita, weka akiba ya miezi tisa. Tuseme nyumba yake inatumia shilingi 500,000 kwa mwezi: anahitaji shilingi milioni 4.5 zilizotengwa kando ya mtaji, wala zisiguswe kununua mbao za banda. Asiyekuwa na akiba hiyo hulazimika kuuza mitetea katika mwezi wa nne ili anunue unga, na kuku aliyeuzwa wiki mbili kabla ya kutaga ni hasara kamili.

Kila kazi ya shamba ina miezi yake. Kuku wa nyama hufika sokoni kwa wiki tano hadi sita. Nyanya huanza kuvunwa miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kuhamisha miche. Vitunguu, kuanzia kitaluni, ni miezi minne hadi mitano. Mgomba huchukua mwaka na zaidi kidogo. Kahawa na parachichi la kubebeshwa huanza kutoa mazao ya maana mwaka wa tatu au wa nne. Miti ya mbao kama misindano ni miaka 18 na kuendelea. Mtu wa miaka 46 anayepanda misindano anafanya jambo jema, lakini anajitayarishia uzee wake. Mwaka huu haitamlisha.

Kwa hiyo anayebadili kazi asijiulize tu ni zao gani linalolipa zaidi. Ajiulize ni zao gani linalolipa kabla akiba yake haijaisha. Wengine huchanganya: mboga au kuku wa nyama kwa fedha za karibu, migomba kwa fedha za mwakani, parachichi kwa miaka ijayo.

Sheria inakupa nini ukiondoka

Wengi huandika barua ya kuacha kazi wakiwa na matumaini ya fedha ambazo hazipo. Kwa wafanyakazi wanaohusika na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Hata aliyefanya kazi miaka 18 hupata siku 70 tu. Tena hiyo ni haki ya anayeachishwa na mwajiri. Anayeacha mwenyewe asiihesabu, na anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28.

Kuhusu mifuko ya hifadhi ya jamii, mambo yamebadilika. Zamani wengi walichukua michango yao yote walipoacha kazi, ndiyo ile iliyoitwa fao la kujitoa, ambayo ilizua malumbano makubwa mwaka 2012 ilipotaka kuondolewa. Sheria za mwaka 2018, zilizounda PSSSF kwa watumishi wa umma na kuiachia NSSF sekta binafsi na waliojiajiri, zilileta fao la kukosa ajira. Fao hilo ni theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, kwa mwenye sifa, na halikuwekwa kwa ajili ya mtu anayejiuzulu kwa hiari. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60, na pensheni inataka michango ya miezi 180, sawa na miaka 15.

Kwa hiyo kabla ya barua, nenda ofisi ya mfuko wako uchukue taarifa ya michango. Kama una miezi 170, ingekuwa ujinga kuondoka leo badala ya kusubiri miezi kumi. Aliyekwisha kuondoka anaweza kuuliza NSSF utaratibu wa kuchangia kwa hiari akiwa amejiajiri. Mfugaji naye atazeeka.

Mkulima naye hubadili kazi

Tusidhani suala hili ni la watu wa ofisini peke yao. Mkulima wa miaka 50 anayeacha zao alilorithi kwa baba yake anabadili kazi vilevile, na pengine kwa uchungu zaidi.

Kilimanjaro inatufundisha. Mfumo wa mgao wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, na kufikia mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa imeporomoka kupita kiasi. Familia zilizokuwa zikisomesha watoto kwa kahawa zikabaki na mibuni isiyolipa hata dawa yake. Lakini kihamba cha Mchaga hakikuwa na kahawa pekee. Kilikuwa na migomba juu, ng'ombe wa kufungiwa bandani, na mbolea yake inayorudi shambani. Wengi waliongeza nguvu katika ndizi, maziwa na mboga. Hawakuruka. Walihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na mguu wa pili ulikuwa tayari chini.

Somo la upande wa pili limetoka kwenye vanila. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kimbunga kuharibu mashamba ya Madagaska mwaka 2000, bei ya vanila duniani ilipanda hadi ikapita dola 300 za Marekani kwa kilo. Wakulima wa Uganda na wa mkoani Kagera wakavutwa na bei hiyo. Lakini mmea wa vanila huchukua karibu miaka mitatu kutoa maua, na maganda yake hukaa miezi mingi kabla ya kuvunwa na kukaushwa. Kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 50. Aliyepanda kwa kuvutiwa na bei ya juu alivuna wakati wa bei ya chini.

Mwaka 2013 na 2014 ilikuwa zamu ya kware nchini Kenya. Mayai yao yalisifiwa kuwa dawa, vifaranga vikauzwa ghali, na walionufaika zaidi ni walioanza mapema na kuwauzia vifaranga waliofuata. Mayai yalipojaa sokoni, bei ikaanguka. Ukiona biashara ambayo wateja wake wakubwa ni watu wengine wanaotaka kuingia katika biashara hiyo hiyo, kaa mbali nayo.

Nani atakuwa shambani?

Lipo kosa jingine la watu wenye mshahara: kulima kwa simu. Mtu anaishi Dar es Salaam, shamba liko Kilosa, na kila jioni anapiga simu kuuliza maji yamefika na dawa imepigwa. Anajibiwa ndiyo. Siku ya mavuno anakuta nusu ya alichoambiwa.

Vijana wa shamba si wezi wote. Mara nyingi hawajalipwa kwa wakati, hawana sehemu katika faida, na hawaoni mwenye mali. Kama huwezi kufika shambani kila wiki, chagua kazi iliyo karibu na nyumbani kwako hata kama faida yake ni ndogo. Kuku 100 nyuma ya nyumba unaowaona asubuhi na jioni watakufundisha zaidi ya ekari kumi unazozisikia.

Anza ukiwa bado na mshahara

Turudi kwa karani wetu. Badala ya kuandika barua, aanze na kuku 100. Hadi watage watahitaji mifuko 15 ya chakula, badala ya 75. Wakifika asilimia 80 watatoa mayai 80 kwa siku, trei 80 kwa mwezi. Hizo hazitamtajirisha. Zitamwonyesha mambo ambayo karatasi haikumwambia: kama mama lishe na wenye maduka wa mtaa wake hununua kwa fedha taslimu au kwa mkopo, kama chakula anachonunua kina ubora, kama mkewe na watoto wanaipenda kazi hiyo au wanaibeba kama adhabu, na kama yeye mwenyewe anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri siku ya mvua.

Akiharibu, ameharibu kuku 100 na mshahara bado unaingia. Akifaulu kundi la kwanza, aongeze la pili la 200 miezi kadhaa baadaye, ili wakubwa wakichoka kutaga wadogo wawe wameanza. Mapato ya biashara, baada ya kutoa gharama zote, yakiweza kulipa matumizi ya nyumbani kwa miezi sita mfululizo bila kugusa mshahara, hapo barua inaweza kuandikwa kwa mkono usiotetemeka.

Kuna mambo mengine ya kukamilisha katika muda huo. Lipa madeni yanayokatwa kwenye mshahara, kwa sababu mkopeshaji hatasubiri kuku watage. Jiunge na SACCOS au VICOBA mapema, kwani mwanachama wa muda mrefu huaminiwa kuliko mgeni mwenye shida. Usiweke nyumba ya familia rehani kwa biashara ya mwaka wa kwanza. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na ni busara kwamba ridhaa hiyo ipatikane mezani kwa hesabu zilizo wazi, si kwa saini ya haraka. Kama unanunua ardhi kijijini, pitia serikali ya kijiji na uandikishe, usimalizane na muuzaji chini ya mwembe.

Umri si adui

Mtu wa miaka 46 hana nguvu za kijana wa miaka 22, lakini ana vitu ambavyo kijana hana. Karani wa stoo anajua kutunza leja, kupokea mzigo kwa kuuhesabu na kugundua upungufu. Hicho ndicho wafugaji wengi hukosa. Muuguzi anajua usafi na ratiba ya dozi. Fundi anatengeneza pampu yake mwenyewe. Mwalimu ana wanafunzi aliowafundisha kila ofisi na kila soko. Anayebadili kazi kwa akili hatupi miaka 20 iliyopita. Anaihamishia mahali pengine.

Vilevile, si aibu kumaliza hesabu na kugundua kwamba bado mapema, au kwamba kazi uliyo nayo ni nzuri kuliko ulivyodhani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema usitafute msala. Walisema mbachao usiuache hadi msala uwe umetandikwa chini na wewe umekwisha kuukalia.

Basi wewe mwenye karatasi mfukoni, itoe leo jioni. Chini ya hesabu ya trei, chora mistari mitatu. Wa kwanza, andika miezi ya kusubiri. Wa pili, andika fedha za kulisha nyumba katika miezi hiyo na nusu yake. Wa tatu, andika watu watatu watakaonunua, wawe watu unaowajua, si "soko lipo". Mstari wowote ukibaki mtupu, barua isubiri. Vifaranga 100, hao unaweza kuwaagiza kesho.